Fomu ya michezo si muhuri tu

UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikikaribia, hapa Dodoma fomu za afya hujazwa kwa mtindo uleule. Wanafunzi wanapanga foleni, wanapimwa uzito na urefu, muhuri unagongwa, anaitwa mwingine. Kifua hakisikilizwi. Mimi ni mzazi wa binti anayekimbia, na jambo hili linaniuma.

Sidai tufike Italia, ambako kipimo cha umeme wa moyo ni lazima kwa wanamichezo wa mashindano tangu 1982. Nadai kifua kisikilizwe na maswali machache yaulizwe. Umewahi kuzimia ukikimbia? Kifua hubana? Kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani Lyon mwaka 2003, hakuna aliyemgusa, akafariki akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulikuta misuli ya moyo wake imenenepa isivyo kawaida. Tatizo la namna hiyo mara nyingi hurithiwa.

Sasa mtoto wa miaka 15 atajuaje ya ukoo? Mjomba aliyeanguka shambani zamani, ikasemwa karogwa, anayemkumbuka ni bibi. Kwa hiyo fomu ipite nyumbani kwanza, ijazwe na wakubwa, ndipo iende zahanati. Likipatikana "ndiyo" moja, mtoto asubiri aonwe na daktari. Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo hapahapa jijini.

Moyo si kila kitu. Kuna selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kuna pumu inayoamshwa na vumbi letu la kiangazi. Na kuna wasichana. Binti akiishiwa pumzi mzunguko wa pili, anaitwa mvivu mbele ya wenzake. Mfunulie kope la chini: ndani pakiwa pamepauka badala ya kuwa pekundu, huenda huyo amepungukiwa damu, na anahitaji kupimwa na kutibiwa, si kufokewa.

Wanafunzi huficha dalili wakiogopa kukatwa kwenye timu. Makocha waseme wazi kwamba wengi wanaopimwa huendelea kucheza, hata wa pumu, akiwa na dawa yake ya kuvuta. Na upimaji ufanyike timu zinapoanza mazoezi mapema mwakani, si jioni ya kuamkia safari, wakati hata tatizo likionekana hakuna muda wa kulitibu.

Fomu ya binti yangu sitaisaini tena kabla tabibu hajamsikiliza kifua, na nawaomba wazazi wenzangu mfanye hivyohivyo.