Kabla hujapakua basi, kaa kwanza kiti cha dereva

Video za vijana wetu wanaocheza Bus Simulator Indonesia, gemu la kuendesha mabasi, karibu zote zinaanza vilevile. Basi limesimama, kamera inalizunguka taratibu, rangi inang'aa, ubavuni kuna jina la kampuni ya Kibongo, na huku chini watu wanagombania linki. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza basi lenyewe linaendeshekaje. Mimi naona tunachagua modi, yaani mabasi yaliyotengenezwa na wachezaji wenzetu ya kuingiza kwenye gemu, kama abiria wanaopiga picha stendi, wakati humo ndani ya gemu sisi ndio madereva.

Gemu lenyewe halikutushika kwa bahati. Maleo, kampuni ya Indonesia, walilitoa mwaka 2017, miezi michache tu baada ya watoto wa kisiwa cha Java kuwa gumzo duniani kwa kusimama kando ya barabara wakiwaomba madereva wa mabasi wapige honi: "Om telolet om!" Linachezeka kwenye simu, kwa hiyo halikutaka tununue kompyuta. Tena Indonesia wanapita kushoto kama sisi. Usukani uko kulia, mlango wa abiria uko kushoto, na mtu aliyezoea siti ya mbele kwenye basi la Mbeya hajisikii mgeni hata kidogo. Kisha wakaruhusu mchezaji apake rangi zake na aingize gari lake la 3D. Ndiyo maana leo Yutong na Scania zenye rangi za Tanzania zinakata mitaa ya Java.

Nikipata modi mpya, kamera ya nje huwa naiacha kabisa. Naingia ndani. Mshale wa spidi unatembea, au dashibodi ni picha tu iliyobandikwa? Vioo vinaonyesha nyuma, au ni vipande vya kijivu? Usukani uko mbele ya kiti au umekaa upande? Haya ndiyo utakayoyatazama saa nzima ukiwa safarini, siyo zile rimu za kung'aa.

Halafu natafuta kona ya kubana, polepole kabisa, macho kwenye tairi la nyuma. Kwenye mabasi mengi ya mkoani dereva anakaa mbele ya ekseli ya mbele. Ukitaka kukata kona unaupitisha kwanza uso wa basi, ndipo unazungusha usukani, na tairi la nyuma linakuja kwa ndani likikaribia ukingo wa barabara. Modi iliyotengenezwa vizuri inakulazimisha ufanye hivyo. Iliyolipuliwa ni bodi iliyowekwa juu ya magurudumu ya gari jingine: tairi halikai katikati ya madigadi, na basi linageuka kutokea mahali pasipo na ekseli. Kwa nje huwezi kugundua, hasa kwenye picha ya kutangazia, ambapo basi huwa limesimama na tairi zimenyooka.

Breki nazo. Aliyewahi kushuka mlima Kitonga anajua dereva anateremka na gia, breki anaigusa tu. Sasa modi inayotoka spidi 100 ikasimama papo hapo, hilo siyo basi. Na sielewi raha ya basi linalofika spidi 200. Huku kwetu kikomo cha basi ni 80, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wana mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi. Dereva halisi anapambana na muda akiwa ndani ya hiyo 80. Ukiweka modi yenye kasi ya kawaida, kupita lori kunarudi kuwa uamuzi wa kufikiria.

Kwenye skini, yaani picha bapa ya rangi inayofunikwa juu ya bodi, kosa linaloniudhi zaidi ni maandishi ya kinyume. Mtengenezaji akitaka kubana nafasi, anatumia kipande kimoja cha picha kwa ubavu wa kushoto na wa kulia. Matokeo yake upande mmoja jina linasomeka sawa na upande wa pili linasomeka kama kwenye kioo. Kwa hiyo zungusha basi pande zote mbili kabla ya kuisifia kazi. Na kila modeli ina ramani yake ya rangi. Skini ya Zhongtong haivai Yutong, hata kama mabasi yanafanana. Utaona mstari umepanda dirishani na jina limekatwa na mlango.

Watu pia wanadanganywa na ukubwa wa faili. Picha ya 2048 kwa 2048 inaweza kuwa na MB moja ukiipakua, lakini ikifunguliwa bila kubanwa inakula kama MB 16 za kumbukumbu. Ya 4096 inakula 64. Weka picha kadhaa za namna hiyo kwenye simu yenye RAM ya GB 3 halafu ushangae kwa nini gemu linaganda mjini. Nganya za Nairobi, zile matatu zilizopambwa, nazisamehe, maana uhai wake wote uko kwenye michoro. Basi jeupe lenye mistari miwili halina sababu ya kuwa zito hivyo.

Kwenye mipangilio ya grafiksi mimi huzima vivuli kwanza, kisha napunguza resolusheni kidogo. Bora fremu 30 kwa sekunde zisizoyumba kuliko 60 zinazoanguka simu ikishika moto, kwa sababu simu ikichemka inajipunguza nguvu yenyewe, na itafanya hivyo ukiwa katikati ya kona.

Kitu kimoja sikubaliani nacho kabisa: "modi" inayokutaka uondoe gemu la Play Store uweke APK (faili la kusakinisha gemu) ya mtu. Gemu lina njia yake ya kuingiza magari, hakuna haja ya kumfungulia mgeni simu yenye namba zako za M-Pesa. Wanaouza modi zao kwa kufuli siwalaumu, kazi ya kutengeneza bodi ni usiku mwingi. Wanaofuta jina la aliyetengeneza wakaweka lao, hao ndio sitaki hata kuwapa view.

Kinachokosekana bado ni Coaster ya daladala iliyofanywa kwa umakini. Nilizojaribu zina sura ya Coaster na uzito wa basi la mkoani. Unakanyaga mafuta, nayo inaondoka kwa uvivu wa gari lenye watu sitini.