Mgonjwa Mahututi Aliyetoka Mbio

Mgonjwa wetu wa kipindupindu katika zoezi la wanafunzi alikuwa mlinzi wa geti la chuo, mzima kabisa, akiigiza tu. Tulimlaza kwenye kitanda chenye tundu katikati, ndoo ya kuharishia chini, ya kutapikia kando, na kadi kifuani: kilo 60, macho yameingia ndani, ngozi ikivutwa hairudi upesi, hawezi kunywa. Sharti lake lilikuwa moja tu: asiinuke.

Timu ilikuwa na wanafunzi wa uuguzi, famasia, maabara, afya ya mazingira na afya ya jamii. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliandika kwamba wanafunzi wa fani mbalimbali wajifunze kuhusu wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Hawa walipanga foleni, kila mmoja na fomu yake.

"Shikamoo mzee, umeharisha mara ngapi?" akaanza muuguzi.

"Marahaba," mzee akajibu kwa sauti ya kukata roho. "Mara tatu."

Akaja wa famasia: shikamoo, mara ngapi? "Tano." Wa maabara naye, huku akitafuta kikopo cha choo. "Nane." Wa afya ya mazingira akaongezea anachota wapi maji, swali zuri, ila si kwa mtu asiyeweza kufumbua macho. Ilipofika zamu ya afya ya jamii, mzee akainua kichwa: "Andika kumi na mbili, mwanangu. Kila mkiuliza naongezeka."

Dripu bado ilikuwa kwenye boksi. Muuguzi alidhani wa famasia anapiga hesabu. Wa famasia alikuwa akingoja kutajiwa uzito, ulioandikwa kwa kalamu nyekundu kifuani kwa mgonjwa. Mwishowe mmoja akapaza sauti: mililita 100 kwa kila kilo, yaani Ringa, maji ya dripu, lita 6; lita 1.8 katika dakika 30 za kwanza, lita 4.2 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Hesabu sahihi kabisa.

"Lita sita? Ndani yangu mimi?" Mzee akaruka kitanda, akalivuka beseni la klorini bila kukanyaga, akatokomea getini. Hakuna aliyemfuata, kila mmoja alijua ni mgonjwa wa mwenzake. Fomu moja iliandikwa: "Maji aliyopewa: 0. Hali: ametoroka."

Duru ya pili ya zoezi ilikuwa na fomu moja. Mmoja anauliza, wengine wanasikiliza. Kiongozi anamtaja mtu kwa jina, kiasi na muda; aliyetajwa anarudia alichosikia, anafanya, anatoa taarifa. Wanafunzi huona haya kurudia, lakini bila hivyo wawili hutia klorini ndoo ileile: vijiko vinne vya mezani vya HTH, unga wa klorini, kwa lita 20 za maji hutoa asilimia 0.2, na vinane ni mara mbili yake. Suruali ya mkufunzi huwa ya kwanza kujua.

Mzee alikubali kulala tena, kwa masharti: dripu ibandikwe kwa plasta juu ya shati, na soda iwepo. Alipokwisha kuulizwa mara moja, akawageukia waliobaki: "Na nyie, hamuulizi?"