Mheshimiwa wa Ukutani

Nimekwenda serikali ya mtaa kufuata barua ya utambulisho. Mtaa gani nauhifadhi, muhuri wao bado nauhitaji. Nimeketi benchi, feni imekufa, nikainua macho: ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu ya Kariakoo, Cheti cha Utumishi Uliotukuka. Cha nani? Cha mwenyekiti mstaafu, yule aliyeondoka na michango ya ulinzi shirikishi tukabaki tunalindwa na mbwa wa jirani!

"Binti yangu," nikamwambia karani kwa sauti ya mtu mzima, "kile mnakishusha lini?"

"Shikamoo baba. Kutundika utaratibu upo, kushusha haupo. Kilitolewa na kamati."

"Iiteni kamati."

"Posho?"

"Mwenyekiti wa kamati nani?"

Akakitazama cheti. Nami nikakitazama. Mzee aliyekuwa amesinzia pembeni akafumbua jicho moja, naye akakitazama.

"Ni wa kudumu," akasema binti. "Si ana cheti."

Nikajitutumua. Nikamweleza kuwa Waingereza wana kamati kabisa ya kuvua watu nishani. Fred Goodwin walimpa Usir, ile heshima ya kuitwa "Sir", 2004 kwa kazi yake ya benki. 2008 benki yenyewe ikaokolewa kwa kodi za wananchi, 2012 wakamvua. Mugabe walimpa 1994, wakamvua 2008.

"Miaka yote hiyo walikuwa kwenye kikao?" akauliza.

Ceaușescu, dikteta wa Romania, ndiyo kabisa: Waingereza haohao walimtunuku 1978, akavuliwa Desemba 1989, kesho yake akapigwa risasi. Sasa pale nani alikuwa anasafishwa, yeye au waliompa? Afadhali Wafaransa, ukihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na zaidi, rufaa zikiisha, Légion d'honneur, nishani yao kubwa, inakutoka. Sarkozy, aliyekuwa rais mzima, yalimkuta 2025.

"Na akifa je?" Mzee wa pembeni huyo, macho kafumba.

Nikamwambia Jimmy Savile, mtangazaji maarufu wa Uingereza mwenye Usir, alikufa 2011, uchafu wake wa kudhalilisha watoto ukafumuka baadaye. Waliotaka avuliwe wakaambiwa Usir hufa na mwenyewe, hakuna cha kuvua.

"Basi tusubiri," akasema mzee, akarudi usingizini.

Mtendaji? Yuko kikaoni, tangu asubuhi. Mara akaingia mstaafu mwenyewe, kanzu imenyooka, na mtendaji huyo akachomoza chumba cha pili mikono mbele: "Mheshimiwa, karibu, karibu!" Kikao kimekwisha ghafla. Wametoa na soda. Mimi niko pale na uji wa saa kumi na mbili tumboni, nimeshalipa elfu mbili ya karatasi, risiti hakuna, naambiwa niwapishe wageni. Wageni! Anakaa nyuma ya kwangu, maji machafu yake yanapita mlangoni kwangu!

Nimedandia gari la Mbagala nimebanwa ubavu mmoja, konda ananiita bosi. Nimempa elfu moja, chenji anasema nitapewa mbele. Mbele wapi, kijana, mimi nashuka Mtoni!