Spidi kubwa, simu inakatakata: Mtwara tunapima kitu kingine

Simu ya video ikianza kukwama, wengi wetu tunakimbilia programu ya kupima spidi. Sindano inapanda hadi megabiti 20, mtu anaridhika, anarudi kwenye simu, na sauti ya upande wa pili bado inatoka kama ya mtu aliyefunikwa mtungi kichwani. Kipimo hakijadanganya. Sisi ndio tumekiuliza swali lisilo lake.

Sauti haina haja ya njia pana. Opus, kodeki (programu inayobana sauti) inayobeba simu nyingi za intaneti, inatoa sauti safi kwa kilobiti 24 hadi 32 kwa sekunde. Inachodai ni pakiti ndogo 50 kila sekunde, kila moja na milisekunde 20 za maneno, zifike kwa zamu na kwa wakati. Chukua ghala la Tandahimba msimu wa korosho: malori yamepanga foleni, na nyuma yake bodaboda kabeba bahasha moja, na tuseme siku hiyo, kwa miujiza, hachomekei. Bahasha ni nyepesi, lakini itafika baada ya malori. Lori lenyewe ni ile video ya megabaiti 200 ambayo simu ya chumba cha pili inaipakia kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kumwomba mtu ruhusa.

Umbali tuuache. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560 kwa barabara, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo (faiba) hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni kama milisekunde 6. Mnara wa 4G huongeza makumi kadhaa. Ping, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, ikisoma milisekunde 600 kwa Dar, hiyo ni foleni. Pendekezo G.114 la ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150, na 400 ndiyo mwisho kabisa. Ukivuka hapo watu wanaanza kuongea kwa pamoja, wote wananyamaza, kisha wanaongea tena kwa pamoja.

Basi pima foleni, na uipime wakati ipo. Fundi anayefunga laini ya ofisi saa nne asubuhi na kuonyesha namba nzuri hajapima chochote. Rudi kati ya saa moja na saa nne usiku, siku tatu mfululizo, ukae palepale simu inapopigiwa.

Anza na rauta yako. Kwenye dirisha la amri la kompyuta ya Windows andika `ping -n 300` na anwani yake, mara nyingi 192.168.1.1 (kwenye Linux ni `-c` badala ya `-n`). Ikiwa rauta iliyo chumba kimoja na wewe inajibu kwa milisekunde 3, kisha 90, kisha 4, ugonjwa uko kwenye Wi-Fi ya ndani, na kubadilisha kampuni hakutausaidia. Rauta ikiwa safi, elekeza ping kwenye mashine iliyo Dar na nyingine iliyo nje ya nchi. Hizo mbili ni lazima: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, minara ya hapa haikuwa na kosa, lakini simu za nje ziliteseka.

Sasa ndipo penyewe. Ping ikiwa inaendelea, dakika ya pili anza kupakia faili kubwa kutoka simu nyingine iliyo kwenye laini hiyohiyo. Kupakia, si kupakua, kwa sababu njia ya kupakia ndiyo nyembamba na ndiyo inayobeba sauti yako. Namba ikipanda kwa chini ya 50, laini ni nzuri. Ikitoka 60 hadi 800, hata ukinunua kifurushi kikubwa zaidi utaongeza malori tu.

Ping peke yake haitoshi, maana baadhi ya mitandao huzitendea pakiti zake tofauti na za sauti. Ukiwa na mtu Dar mwenye kompyuta inayofikika kutoka nje, awashe `iperf3 -s` (iperf3 ni programu ya kupima laini kwa kutuma pakiti), nawe uandike `iperf3 -c` na anwani yake, kisha `-u -b 64k -l 160 -t 120`. Hizo ni pakiti 50 kwa sekunde, 6,000 kwa dakika mbili. Rudia ukiongeza `-R` upime upande wa kupokea. Inakula kama nusu megabaiti tu kwa dakika. Kipimo cha spidi kwenye laini nzuri kinaweza kumeza zaidi ya mia moja kwa mara moja.

Usomaji una mtego. Hasara ya asilimia 1 ni pakiti 60. Zikipotea mojamoja, Opus huziba mapengo na sikio halijui. Zikipotea zote kwa mkupuo ni sekunde 1.2 za ukimya, neno zima la mgonjwa anayezungumza na daktari. Asilimia ni ileile. Angalia matokeo ya kila sekunde, wastani wa mwisho uachie wauzaji. Ukipima ndani ya simu halisi kwa kufungua ukurasa wa `chrome://webrtc-internals` kwenye kivinjari cha Chrome, kumbuka kwamba `jitter`, yaani kuyumba kwa muda wa pakiti kufika, pale iko kwa sekunde: 0.03 ni milisekunde 30, jambo la kawaida, 0.2 ni balaa.

Tiba ya bure ni kuzima upakiaji wa picha wa kujiendesha na kufunga kamera. Tiba ya kweli ni rauta yenye OpenWrt (mfumo huria wa rauta) na `cake` (kipanga foleni chake), ikiwekewa kikomo cha asilimia 85 ya kasi ya kupakia, ili foleni ikae nyumbani ambako sauti inaweza kupitishwa mbele. Tumia kasi ya saa tatu usiku. Ukiweka ya asubuhi, foleni inarudi mnarani jua likizama. Mchana utapoteza spidi kiasi, na kwa ofisi inayoishi kwa simu naona ni bei ya haki.

Na ukipeleka malalamiko kwa mtoa huduma, au baadaye TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usiandike "mtandao uko chini". Andika tarehe, saa, kata, ping kabla na wakati wa kupakia, na pakiti zilizopotea kila upande.