Changu Kwenye Friji la Dawa

Chuoni walitufundisha kwamba friji la dawa ni nyuzi joto 2 hadi 8, na kwamba humo haliingii tunda, haiingii soda, hayaingii hata maji ya kunywa ya mfamasia mwenyewe. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, nikapata zote. Halafu nikapelekwa mafunzo kwa vitendo kwenye duka la dawa huko Mbagala. Nafungua friji tu, natazamana na samaki, changu.

Alikuwa kwenye sufuria, rafu ya chini, jicho limemtoka, juu yake zimepangwa insulini.

"Huyo wa mama ntilie," dada wa kaunta akasema, macho bado kwenye trei ya kuhesabia vidonge. "Usimguse."

Nikauliza kwa nini mama wa watu asiambiwe amtoe. Dada akanisukumia daftari. Nilidhani ni lile la kuandikia joto la friji asubuhi na jioni. Kumbe la madeni. Wali maharage, wali nyama, chapati mbili, wali maharage tena. Duka zima lilikuwa linakula kwa mkopo, na mfamasia wetu alikuwa na ukurasa wake peke yake. Sasa mtu anayekudai hivyo, samaki wake utamwambia ampeleke wapi?

Basi nikazoea. Nikawa nafuta vumbi, napanga mbele dawa zinazokaribia kuisha muda, naitwa dokta na kila apitaye kwa sababu ya koti jeupe, hata na waliokuja kuulizia vocha.

Wakaguzi walikuja siku ambayo mfamasia amekwenda Kariakoo kufuata mzigo. Wawili, baba na mama, mafaili kwapani. Wakati mimi nawakaribisha, dada alishahamisha changu watatu toka kwenye friji hadi kwenye boksi tupu la ORS chini ya kaunta, kwa kasi ambayo hakuna mteja aliyewahi kuipata. Vibali vikaonekana. Friji likafunguliwa, kipimajoto kinasoma 6. Nikaanza kupumua.

Akaingia mzee mmoja na karatasi ya maabara, malaria imeonekana. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha shule.

"Shikamoo, mzee. Hii ni dawa mseto, vidonge 24. Vinne unakunywa sasa hivi, vinne vingine yakipita masaa manane. Kesho na keshokutwa, vinne asubuhi, vinne jioni. Hata ukijisikia nafuu, umalize."

Mama mkaguzi akaitikia kwa kichwa. Sifa zikanipanda, nikaongeza: "Na usinywe tumbo tupu. Kula kitu chenye mafuta, ndipo dawa inaingia vizuri mwilini."

"Kama nini, dokta?"

"Maziwa. Au hata samaki wa kukaanga."

Mzee akanusa hewa. "Ahaa! Ndio maana nasikia harufu. Sasa huyo samaki yumo kwenye bei ya dozi, au namlipia pembeni?"

Duka likawa kimya. Maji mekundumekundu yalikuwa yanatiririka polepole kutoka chini ya kaunta, yanakifuata kiatu cha baba mkaguzi.

"Hiyo nini?"

"Mafuta ya samaki," dada akajibu, uso mkavu.

Mkaguzi akainama, akafunua boksi, akabaki ameinama kwa muda. "Mbona yana mapezi?"

"Bado hayajakamuliwa, baba."

Hata mgonjwa wa malaria alicheka. Mama mkaguzi akageukia ukutani, anajifanya anasoma bango la uzazi wa mpango, mabega yanamtikisika. Mwenzake hakucheka. Aliandika, akafungua ukurasa wa pili, akaandika tena. Katikati ya kuandika ndipo mama ntilie alipochungulia mlangoni, mwiko mkononi:

"Jamani, samaki wangu! Huku mafuta yameshachemka!"

Tulipewa onyo la maandishi na amri ya kusafisha friji saa hiyo hiyo. Mfamasia alipopigiwa simu, kwanza aliuliza kama insulini ziko salama. Pili, kama mama ntilie amekasirika.

Alikuwa amekasirika. Saa saba ilipofika, wakaguzi walipitia kibandani kwake, wakaagiza wali samaki. Sisi tuliuziwa maharage, tena pesa mkononi.