Msiniagize kibebeo cha pikipiki kabla hamjaangalia chini ya gari

Tangu niweke mtandaoni ile picha ya pikipiki yangu ikiwa imekaa kwenye kibebeo nyuma ya gari, meseji hazikatiki. Binamu anataka kimoja, niliyesoma naye anataka viwili, na wote wanauliza kitu kilekile: hicho chuma watakipataje? Acha nijibu mara moja kwa wote.

Nyumbani tulizoea pikipiki ndiyo inayobeba. Inabeba magunia, abiria, kitanda, hata pikipiki mwenzake iliyoharibika. Huku Marekani nimekuta inabebwa. Mtu anaishi mbali na njia za vumbi anazopenda kuendesha, kwa hiyo anaipakia Jumamosi asubuhi, anakwenda nayo mwendo wa saa mbili kwenye barabara kuu, anaishusha, anacheza nayo, anarudi. Na mara nyingi anafanya hayo peke yake. Hapo ndipo kinapoingia kile kibebeo: reli ya chuma iliyokingama nyuma ya bampa, yenye mkono wa mraba unaochomekwa kwenye tundu la kuvutia tela na kufungwa kwa pini. Hakuna tela ya kulaza uani, hakuna kuinyanyua hadi kwenye bodi ya pikapu. Nakipenda, sifichi.

Lakini picha haionyeshi nusu ya pili. Lile tundu limeungwa kwenye mtaimbo mzito unaokingama chini ya gari na kufungwa kwa bolti kwenye chasisi yenyewe, si kwenye bampa. Lina lebo yenye namba mbili: uzito linaoweza kuvuta, na uzito linaoweza kukandamizwa kutoka juu. Wengi wanasoma ya kwanza kwa sababu ndiyo kubwa. Mtaimbo wenye tundu la inchi 2 unaweza kuandikwa pauni 5,000 za kuvuta, huku za kukandamiza zikiwa 500 tu, yaani kama kilo 227. Kibebeo kinahusika na hiyo ndogo. Humo ndani kuna pikipiki, mafuta yake na kibebeo chenyewe, ambacho peke yake kinaweza kufika kilo 40. Pikipiki nyepesi ya njia za vumbi inaingia vizuri. Lile dubwana la barabara kuu la kilo 300 halina nafasi pale, hata mwenye nalo aape vipi. Na gari dogo lenye tundu la inchi 1 na robo, hilo msilifikirie kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda kulielewa. Kilo hizo hazikai juu ya magurudumu ya nyuma, zinaning'inia nyuma yake, na gari linakuwa kama bembea ya ubao: upande mmoja ukishuka, mwingine unapanda. Chukua pikipiki ya kilo 120 na kibebeo cha kilo 40, jumla 160. Uzito huo ukikaa mita 1.75 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3.5, magurudumu ya nyuma yanaongezewa kilo 240 na ya mbele yanapunguziwa 80. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Usukani unakuwa mwepesi, taa za mbele zinatazama juu, na shimo dogo barabarani linageuka kipigo kwenye mtaimbo.

Kwa hiyo ninapoambiwa "wewe leta tu, fundi atachomelea tundu", moyo unashtuka. Si kwamba siwaamini mafundi wetu wa kuchomelea. Nimewaona wakiunga vitu ambavyo huku vingetupwa. Tatizo ni pale wanapoambiwa wachomelee kwenye bampa, au kwenye bati la sakafu, bila mtu kuuliza chini kuna nini cha kushika. Kazi itaonekana imara siku ya kwanza. Chuma hakivunjiki kwa kilo 160 zilizotulia, kinachoka kwa kurushwarushwa, na kitakapoachia, nyuma yako kuna mwenye pikipiki nyingine na mtoto mgongoni.

Kufunga nako kuna somo. Nilitoka nyumbani nikijiona bingwa wa mipira ya tyubu. Mpira unavutika, na kinachovutika kinaruhusu mzigo ucheze. Safari yangu ya kwanza nilitumia mikanda ya kukaza, sawa, ila niliikaza kidogo kwa kuogopa kuumiza shokapu. Baada ya kama nusu saa nikaona kwenye kioo pikipiki imeinama upande mmoja. Nilisimama pembeni mikono ikitetemeka. Kumbe shokapu za mbele zinatakiwa zibonyee kiasi cha nusu, ili zisukume mikanda wakati wote. Ukizilegeza, kila tuta linalegeza mkanda zaidi. Siku hizi naweka miwili mbele, miwili nyuma, nafunga koki ya mafuta, natazama ekzosi ya gari isielekee tairi la pikipiki, na baada ya kilomita chache nasimama kukagua. Na taa za nyuma na namba ya gari zikifunikwa, lazima zihamishiwe mahali zinapoonekana.

Nikiwa na pikapu bado naweka pikipiki ndani ya bodi, kama tulivyokuwa tukifanya nyumbani, uzito ukakaa karibu na ekseli. Hapo hatukukosea. Tena kule hukosi mtu wa kushika usukani wakati unasukuma. Huku nimewahi kusimama na reli ya kupandishia, pikipiki ikiwa katikati, mguu mmoja chini, mwingine hewani, na jirani anapita ananisalimia vizuri tu na kuendelea na njia yake. Hiyo naikumbuka kuliko kifaa chochote.

Binamu, nipigie picha ya chini ya gari lako, pale chasisi inapoishia nyuma, na uangalie kwenye kitabu cha pikipiki uzito wake ikiwa na mafuta. Ukinitumia hivyo viwili, ndipo nitakwenda dukani.