Nusu Kilo ya Sumaku Tucson

Shanga nyeusi zinazong'aa na kung'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe huuzwa kwa jina la hematiti, na si hematiti. Hematiti ya kweli ni jiwe. Ukilisugua kwenye mgongo wa kigae, upande usiong'arishwa, linaacha mstari mwekundu wa kutu, na sumaku hailijali sana. Zile zinazong'ang'aniana ni feraiti: unga wa oksidi ya chuma uliochanganywa na bariamu au stronshiamu, ukashindiliwa kwenye kalibu, ukachomwa tanuruni, ukang'arishwa, kisha ukatiwa usumaku. Ni nzito, na zikianguka kwenye sakafu ngumu hupasuka. Bei yake ni ndogo, na hapo ndipo balaa lote lilipoanzia, maana kwa mama mkwe wangu kitu cha bei ndogo ni dhambi kukinunua kimoja.

Yeye ni mtu wa Tanga, alikuja kututembelea Arizona. Mume wangu, kwa busara aliyojaliwa, aligundua ana kazi nyingi wiki ile, hivyo tukaenda Tucson sisi wawili. Kwa wasioujua mji huo: mwaka 1955 chama cha wapenda mawe kiliandaa maonyesho madogo ndani ya shule ya msingi. Leo, kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Februari, mji mzima unageuka duka. Ni maonyesho kadhaa kwa wakati mmoja, kwenye mahema kando ya barabara kuu ya I-10, kwenye maghala, na kwenye hoteli ambako vyumba vimeondolewa vitanda na muuzaji kapanga bidhaa mpaka bafuni. Mengine ni ya wafanyabiashara tu na mlangoni wanataka namba ya usajili wa biashara. Sisi wa kujifurahisha twende yale yaliyo wazi kwa wote, tena tuulize kabla ya kulipia maegesho.

Vya kubeba ni hivi: noti ndogo ndogo, utepe wa kupimia, kioo cha kukuza mara kumi, na kipande cha kadi ulichoshonea shanga za rangi unazotafuta. Hicho cha mwisho usikiache. Chini ya taa za hoteli kila bluu ni ile ile, ukifika nyumbani ni tatu tofauti. Na kumbuka hesabu ya shanga ndogo inakwenda kinyume, namba ikipanda ushanga unapungua. Namba 8 ni kama milimita 3, namba 11 ni 2, namba 15 ni moja na nusu.

Mama mkwe hakutaka namba. Aliuliza bei ya tanzanaiti, kwa vile Mererani ni kwao kwa maana pana, akatajiwa, akamwambia muuzaji "Pole sana" na kupita.

Kisha akaziona sumaku. Kibao kilisema zinatibu magoti, presha na usingizi. Kitabibu hakuna ushahidi wa maana wa jambo hilo. Linalojulikana ni hili: mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asizisogeze kifuani. Nikamweleza mama kwa adabu.

"Mwanangu," akasema, "mimi moyo wangu mzima. Yanayouma ni magoti."

Wenzake wa kikoba walikuwa 30. Hesabu akaifanya kichwani haraka kuliko mimi kwa simu: bangili ya mkono wa kawaida ni sentimita 18, yaani shanga 30 za milimita 6. Uzi mmoja wa sentimita 40 una shanga kama 66, unatoa bangili mbili na masazo. Basi nyuzi 15. Muuzaji alikuwa akiuza kwa uzito, senti 15 kwa gramu. Akazibwaga kwenye mizani yake ndogo ya kidijitali. Gramu 640.

Mama mkwe aliwahi kuuza dagaa soko la Deep Sea. Miaka yote ile mbele ya mizani imemwachia jicho moja la kutazama namba na jingine la kutazama mkono wa muuzaji. Akazishika nyuzi, akazipima kwa kiganja, akazirudisha.

"Mwambie huyu baba mizani yake ina jiwe chini."

Sikumwambia hivyo. Nilichungulia. Mizani ilikuwa juu ya meza ya bati. Sumaku zikikaa kwenye kisahani zinavutwa na bati lililo sentimita mbili chini yake, na mizani haijui kutofautisha mvuto wa dunia na mvuto wa meza, inajumlisha vyote. Nikaomba katoni tupu, tukaisimamisha, mizani ikawekwa juu yake. Gramu 560. Muuzaji aliduwaa kuliko sisi. Akaibeba mizani, akaishusha mezani, 640, akaipandisha, 560, akaishusha tena. Nadhani alikuwa akiwakumbuka wateja wake wote wa wiki ile. Mama mkwe alilipa dola 84, akaondoka akisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kumfikia, kwamba Mungu anaona hata Marekani.

Sumaku zikaingia kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wake wa kitenge. Tangu hapo nilikuwa natembea na mtu ambaye vitu vinamfuata.

Kwanza kwenye meza ya fedha. Palikuwa na trei ya bizimu, zile zenye ulimi wa springi, kila moja ina mhuri wa 925, alama ya fedha halisi. Mama mkwe anajua, kama tunavyojua wote, kwamba fedha haishiki sumaku. Akatoa uzi mmoja akaupitisha juu ya trei bila hata kumtazama mwenye meza. Bizimu kadhaa zikaruka zikaning'inia.

"Chuma!" akatangaza. Hilo neno halikuhitaji mkalimani, watu waligeuka.

Mwenye meza alikuwa mama wa makamo, mvumilivu. Alichukua bizimu ya kijiti na pete, akaigusisha sumaku: kimya. Kulabu yenye umbo la S: kimya. Kisha akachukua moja ya zile zilizoruka, akaibana kwa koleo na kuipasua mbele yetu, akatoa kispringi chembamba. Hicho ndicho chuma. Bizimu yenye springi inaweza kuwa fedha halali na bado ikaitikia sumaku, kwa sababu fedha yenyewe ni laini mno kufanya kazi ya springi. Angalia inavyoitikia: ikining'inia kivivu kwa upande wenye ulimi, ni springi, ikijibamiza mwili mzima, ni chuma kilichopakwa. Na isiposhika kabisa usishangilie, shaba na ile aloi nyeupe ya shaba na nikeli nazo hazishiki. Nilinunua bizimu tano nisizozihitaji, kama faini.

Jioni kadi ya chumba ikakataa kufungua mlango. Kadi zile zilikuwa za mkanda wa sumaku, ambazo maandishi yake yenyewe ni ya sumaku, na za hoteli huandikwa kwa nguvu ndogo ili zifutike na kuandikwa upya kila mgeni. Kukaa mfuko mmoja na feraiti ni kufutika tu. Kadi za kugusisha, zenye chipu ndani, hazina shida hiyo. Kijana wa mapokezi akaandika upya. Mama mkwe akaipokea, akaitia mkobani mahali pale pale. Nikasema, "Mama, labda kadi nikae nayo mimi." Akanitazama. Mkwe haombi mara mbili. Tulishuka tena baada ya chakula, na tena baada ya sala ya isha, na mama akafikia uamuzi kwamba hoteli ile milango yake ina mashetani.

Asubuhi tulikuwa na darasa, bangili bapa ya mshono wa peyote. Kila mwanafunzi alikuta mbele yake kijamvi cha manyoya mafupi cha kuzuia shanga zisibingirike, gramu 10 za shanga za silinda namba 11, ambazo ni karibu shanga 2,000, uzi wa kusokotwa wa nguvu ya ratili 6, na sindano mbili namba 12. Sindano hizo nazo hufuata kanuni ya kinyume: 10 ni nene, 12 nyembamba, 13 inapinda ukiitazama vibaya.

Mshono wenyewe si mgumu. Unakata uzi kama mita moja na nusu, unatia ushanga wa kizuizi na kuupitia mara mbili, ukiacha mkia wa sentimita 15. Unatunga shanga 10, na hizo ndizo mstari wa kwanza na wa pili kwa pamoja, jambo linalowachanganya wote mwanzoni. Kisha unachukua mmoja, unaruka mmoja, unapita kwenye unaofuata, mpaka mwisho, unageuza. Mistari mitatu ya mwanzo inajikunja na kuchezacheza mkononi. Wengi hukata tamaa hapo na kufumua. Usifumue. Vuta uzi, bana kwa kidole gumba, endelea. Ukifika mstari wa tano inakaa sawa. Shanga yenye tundu lililoziba usiilazimishe na sindano, itapasuka na kukata uzi. Itupe.

Mama mkwe aliketi katikati ya meza ndefu, mkoba akauweka mezani. Chini hauwekwi, mna juzuu ndani. Hilo sikuweza kulipinga wala sikutaka.

Mwenzetu wa kushoto akalaza sindano kuvaa miwani. Alipomaliza kuivaa sindano haipo. Akachukua ya pili. Wa mbele yake akaipoteza yake akikohoa. Aliyekuwa amekwishatunga uzi aliona kazi yake inatambaa polepole juu ya kijamvi, shanga 10 na kizuizi chake, akaifunika kwa kiganja na kunyamaza. Mtu hakiri hadharani jambo la namna ile. Mwalimu akagawa sindano za akiba, nazo zikaenda. Mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa meza, nikiwa na kanga yake, chai yake na miwani yake ya pili, na kutoka pale mkoba ulionekana mkoba tu.

Mwalimu akasimamisha darasa. Sindano kwenye zulia si mzaha. Ni ndogo, haionekani, inaingia mguuni na kuvunjikia humo. Watu wakaamriwa wainue miguu. Basi tukawa watu wazima, wengine na shahada zao, tumekaa tumeinua miguu hewani, huku mwalimu akitambaa chini ya meza na tochi ya simu. Hakuna kitu. Akatokeza kichwa upande wa pili akauliza kama kuna yeyote mwenye sumaku.

Neno hilo la Kiingereza mama mkwe alikuwa amelijifunza jana yake kwenye kile kibao. Akafurahi mno. Darasa zima hakuwa ameelewa kitu, na sasa kaulizwa jambo analolijua.

"Mimi ninazo!" akasema, akauinua mkoba juu ili wote wauone.

Ubavu wa pili wa ule mkoba ulikuwa nungunungu. Sindano zote, na akiba zote, zimesimama juu ya kitenge, nyingine zina nyuzi, uzi mmoja una bangili ya watu inaning'inia.

Kimya kilikuwa kirefu. Kisha yule aliyefunika kazi yake kwa kiganja akaangua kicheko cha mtu aliyethibitishiwa kwamba hana wazimu, na darasa likavunjika.

Kuzing'oa kulichukua muda, maana unashika upande wa tundu, si wa ncha, na unavuta kwa kuteleza pembeni badala ya kuinua juu. Zilipotoka zilikuwa zimekwishatiwa usumaku zenyewe: unaokota moja zinakuja tatu, unaipeleka kwenye ushanga inageukia mkasi. Sindano ya namna hiyo haifai tena kazi ndogo. Mwalimu alifungua pakiti mpya, na mkoba ukahamishiwa dirishani kwa heshima zote, juu ya kiti, si chini.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukitaka kutunga sumaku zenyewe usitumie sindano ya chuma kabisa. Paka gundi ya haraka sentimita tatu za mwanzo wa uzi, ziache zikauke, kata ncha kwa mshazari. Huo ugumu ndio sindano yako. Na usitumie uzi wa mpira, kwani shanga zinagongana, kingo zinameguka na kuukeketa. Waya laini uliovikwa nailoni, wa milimita 0.38, unadumu.

Wakati wa mapumziko mwalimu alimfuata mama mkwe dirishani. Nilijiandaa kutafsiri lawama. Alitaka kununua uzi mmoja: ukiuzungusha pembeni ya kijamvi, alisema, sindano haipotei tena, na ukiuburuza juu ya zulia unasafisha chumba chote. Mama mkwe alisikiliza, akauliza kwa utulivu, "Anatoa ngapi?" Uzi alionunua kwa dola 5 na senti 60 ukaenda kwa 10. Wengine wakasogea. Mpaka kengele inalia aliuza nyuzi 9 na kusimamisha mauzo mwenyewe, kwamba zilizobaki ni za viongozi wa kikoba.

Nikamuuliza, na wanachama wengine je?

Mchana tulirudi kwa yule muuzaji. Mama akachagua za milimita 8, ambazo kila moja ina uzito zaidi ya mara mbili ya ile ya 6, akazijaza mikono yote miwili. Kabla baba wa watu hajagusa mizani, mama mkwe alikwisha kuivuta ile katoni kutoka chini ya meza na kuisimamisha.